Kifuniko cha Keki

Waliosema kwamba nyumba njema si mlango hawakuwa na ugomvi na maseremala. Mlango mzuri ni mzuri, nani atabisha. Walichotuonya ni ile tabia yetu ya kusimama nje, tukaupapasa mlango, tukakisifia kitasa na nakshi zake, kisha tukaenda zetu tukijigamba kwamba nyumba tunaijua. Huko ndani huenda paa linavuja. Huenda yumo mtu anaita tangu asubuhi, na sisi tuko kizingitini tunashangaa rangi.

Palikuwa na mama mmoja mwoka keki ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tanuri. Alikuwa ameoka keki kwa miaka ishirini na sita, tangu alipofiwa na mumewe akabaki na watoto wawili na jiko moja la kuokea ambalo mlango wake ulifungwa kwa waya. Mtoto wa kwanza alikuwa binti, naye ndiye mwenye kisa hiki. Walimwita Kimulimuli, na sababu ya jina hilo tutaifikia punde. Mtoto wa pili, kitindamimba, alikuwa mwanamume mpole aliyejua keki kwa kuila tu.

Mama na binti walifanya kazi katika vyumba viwili vya uani. Kimoja kilikuwa cha jiko, chenye joto la kutosha kukausha nguo, na rafu iliyojaa makopo makuukuu: kopo jekundu lililobonyea la beking pauda, chupa ya jemu iliyowekwa magadi soda, mkebe wa bluu wa sukari. Cha pili kilikuwa cha kupambia, chenye dirisha kubwa, meza ndefu na kile kisahani kinachozunguka ambacho keki huwekwa juu yake ili ipakwe krimu pande zote. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na uwazi tu, na mtu wa huku alimsikia wa kule hata akipiga mwayo.

Keki ikiiva huumuka katikati ikafanya kichuguu. Sharti kichuguu hicho kikatwe kwa kisu kirefu chenye meno ili keki ilale sawa kabla ya kupakwa krimu. Wao walikiita kifuniko. Waokaji wengine hukitupa au hukitafuna njiani wakiwaza mengine. Kwa Mama Tanuri kifuniko kilikuwa na sheria yake: kilikatwa nusu kwa nusu, mama akala yake, binti akala yake, wote wamesimama, kimya, mpaka wamemeza. Kisha mama aliuliza, "Unasemaje?" Na binti alijibu bila kuficha: ndimu imezidi, au siagi hii si ile ya juzi, au iko sawa, Mama. Keki ambayo kifuniko chake hakijaliwa na watu wawili haikuguswa na krimu.

"Hatumvishi nguo mtu tusiyemjua," mama alizoea kusema, na binti alicheka kila mara, ingawa aliyasikia maneno hayo tangu akiwa na meno ya utotoni.

Kisha ikaja spreyi. Kilikuwa kichupa kidogo cha kupuliza, ndani mna maji mazito ya rangi ya dhahabu, na nje pameandikwa kwamba yanaliwa bila madhara. Kimulimuli alikitikisa kama alivyoelekezwa, akakishika umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye keki, akabonyeza mara tatu. Keki nyeupe ya kawaida ikawaka. Dirisha likapeleka mwanga juu yake, na kila ilipozungushwa ilimeta upande mwingine. Binti alijikuta ameshika kifua.

"Hii nayo inaliwa?" mama aliuliza akiwa amesimama kwenye uwazi.

"Inaliwa, Mama. Imeandikwa."

Mama alipitisha kidole, akalamba, akafikiri. "Haina ladha yoyote. Kitu cha kuliwa ambacho hakina ladha, kazi yake nini?"

"Kazi yake ni kupendeza."

"Haya basi, ipendeze," mama alisema, akarudi kwenye jiko lake. Hakukasirika. Hakuwa mtu wa kumkatisha mwanawe furaha, na hilo nalo, ukitafakari, ni sehemu ya masaibu yenyewe.

Tangu siku hiyo binti alipagawa. Akawa na vichupa vya dhahabu, fedha, zambarau, na cha rangi ya lulu. Alijua sasa kwamba krimu ikiwa bado ina unyevu spreyi huteremka kama machozi, na kwamba ukikisogeza kichupa karibu mno unapata madoa. Alikuwa na mkono mwepesi kweli, tusimnyime haki yake. Vumbi la kumeta lilimwingia kwenye nyusi, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya viwiko. Akipita barabarani jua likimpiga, alimetameta. Ndipo watoto wa jirani walipomwita Kimulimuli, naye akalipenda jina.

Picha za keki zake zilisambaa kwenye simu za watu. Maagizo yakamiminika. Walioagiza hawakuuliza tena keki ina nini ndani. Walituma picha wakasema, nataka inayong'aa hivi. Na kadiri kazi ilivyozidi, ndivyo muda wa kusimama na kutafuna kifuniko ulivyopungua. Mwanzoni Kimulimuli alikula nusu yake huku akitikisa kichupa. Baadaye akaanza kusema, "Niwekee, Mama, nitakula." Mama akaiweka kwenye kisosi chenye ua. Jioni aliikuta palepale, imekauka, akawatupia kuku wa jirani. Kuku wale walinenepa wakawa hawawezi kuruka ua.

Hapo katikati ndipo ulimi wa Mama Tanuri ulipoanza kumwacha. Haukumwacha siku moja. Chai ilikuwa ya kwanza kupoteza ladha, halafu matunda. Kila kitu kikawa kama kimepikwa kwenye chuma kilichoota kutu. Asubuhi aliamka na kichefuchefu. Viatu vyake vikambana, akavikata nyuma kwa wembe akaendelea kuvivaa. Mwili ulipungua lakini uso, ajabu, ulijaa, hasa chini ya macho.

Siku moja alisimama kwenye uwazi, mkononi ana kifuniko kizima. Kwenye meza ya binti ilikuwa imewekwa keki ya zambarau, na binti alikuwa juu ya stuli akiipiga picha kutoka juu.

"Mwanangu, njoo uonje hii."

"Nakuja, Mama."

"Njoo sasa. Mimi ulimi wangu siku hizi hauko nyumbani. Sijui ina nini."

"Mama, ukishaoka wewe, imeonjwa," binti alisema bila kushuka. "Nani mwingine mtaani humu ana ulimi kama wako?"

Mama alisubiri kidogo, kisha akarudi. Binti alidhani amemsifu, na kwa kweli alikuwa amemsifu. Mama aliyaficha maneno mengine yote aliyokuja nayo. Kuna sifa ambazo mtu akivikwa hawezi tena kusema anaumwa.

Dalili hazikukosekana kwa mwenye macho. Mteja mmoja alituma ujumbe kwamba keki ilikuwa nzuri sana ila kama ina chumvi. Kimulimuli akaguna akasema watu wana wivu. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwanamke wa maneno machache lakini yenye mwiba, alikuja kuwasalimu akamtazama wifi yake kwa muda mrefu.

"Wifi, umekonda."

"Wembamba wa reli, treni inapita," Mama Tanuri alijibu, na wote wakacheka.

Shangazi alipokuwa akiondoka alimshika binti mkono langoni. "Mama yako umtazame."

"Namtazama kila siku, Shangazi. Tuko chumba kwa chumba."

"Kumwona unamwona. Nimesema umtazame."

Kimulimuli aliitikia. Alikusudia kabisa kufanya hivyo, ila wiki ile alikuwa na keki saba.

Kisha kitindamimba akapata mchumba, na harusi ikapangwa. Mama Tanuri alisema keki ya mwanawe ataioka yeye mwenyewe, tangu unga hadi mwisho, na mtu asimsaidie hata kuvunja yai. Alikuwa ameoka keki za harusi za watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita akiingoja hii moja. Binti naye aliapa kuipamba isahaulishe zote alizowahi kuzipamba. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi walikaa pamoja na kalamu, wakachora: ngazi tatu, krimu nyeupe, na dhahabu ipandayo kutoka chini kama kunakucha.

Mpiga picha wa harusi alitaka kumpiga mama wa bwana harusi akiwa jikoni anaoka. Kimulimuli alipoyatazama makopo ya mama yake kwa jicho la kamera aliona aibu. Asubuhi ile, kabla mpiga picha hajafika, aliyaondoa yote: lile jekundu lililobonyea, ile chupa ya jemu, ule mkebe wa bluu. Kila kitu alikimimina kwenye mitungi myeupe ya kioo, yote sawasawa, akaipanga kwenye rafu. Hakubandika karatasi za majina, kwani zingeharibu sura.

Mama aliingia, akasimama mbele ya rafu yake kama mgeni. Sukari aliitambua kwa chembe zake, na unga kwa wingi wake. Lakini beking pauda na magadi soda zilikaa ubavu kwa ubavu, nyeupe zote, laini zote, zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Mpiga picha alikuwa keshawasha taa yake.

"Ipi ni ipi hapa?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

Kimulimuli alikuwa nyuma ya mpiga picha, akitazama jinsi mwanga ulivyoangukia mitungi. "Onja tu, Mama, wewe hukosei. Na geuka kidogo huku, bega lako linaziba."

Mama Tanuri aligeuka. Alichovya ncha ya kidole katika mtungi wa kwanza, akaweka ulimini. Akachovya wa pili. Kwa miaka ishirini na sita ulimi huo ungemjibu kabla hajauliza. Safari hii ulinyamaza mara zote mbili, na palikuwa na mgeni, na taa, na mwanawe aliyekuwa akitabasamu kwa fahari. Alichagua mtungi wa kushoto. Akapima vijiko vilivyojaa, kama inavyotakiwa kwa beking pauda, na mpiga picha akasema ile ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Ulikuwa mtungi wa magadi.

Keki tatu zilitoka jikoni adhuhuri. Mama alikuwa amechoka hata akakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha, akabaki kusikiliza. Kimulimuli alizipoza, akachukua kisu chenye meno, akakata vifuniko. Aliona kwamba ndani rangi imekolea, hudhurungi kuliko ilivyopaswa. Pua yake pia ilimwambia kitu, harufu ya mbali kama ya sabuni ya kufulia. Alijisemea kwamba labda moto ulizidi. Krimu itafunika, na juu ya krimu kuna dhahabu.

"Umekula kifuniko?" mama aliita kutoka upande wa pili.

Vifuniko vilikuwa vimelala mezani mbele yake, vitatu, vya moto kidogo. Saa ilikuwa inakwenda, krimu ilihitaji kukauka, na spreyi haingoji. Akavifagia kwa mkono mmoja, vikaingia kwenye mfuko wa kuku.

"Nimekula, Mama."

"Unasemaje?"

"Iko sawa, Mama."

Mama akashusha pumzi ndefu iliyosikika hadi huku. "Alhamdu," alisema. "Maana mimi nilikuwa na wasiwasi."

Binti alipamba mpaka jua likahama dirishani. Ngazi ya katikati ilikuwa na ufa. Akauziba kwa krimu, akaupulizia dhahabu mara nne zaidi, ufa ukapotea. Alipomaliza alimwita mama yake aje aone. Mama alikuja akijishikiza kwenye ukuta. Aliitazama keki ile kwa muda mrefu, mwanga wa dhahabu ukimcheza usoni, akalia machozi ya furaha. Sina hakika kama katika maisha yao walipata kupendana kuliko dakika ile.

Asubuhi ya harusi Kimulimuli alimpamba mama yake pia. Alimkalisha mbele ya kioo, akaanza na poda. Ngozi ilikuwa na rangi ya majivu, akapaka. Chini ya macho palikuwa pamevimba. Aligusa kwa kidole, kidole kikaacha kishimo kilichokawia kujaa. Aliguswa na kitu moyoni, sekunde moja tu.

"Hukulala vizuri, Mama?"

"Nitalala baada ya harusi."

Akapaka poda zaidi. Akamtia rangi kidogo mashavuni, akamfunga kilemba kizuri, akamgeuza kwenye mwanga. Mama Tanuri alipendeza. Kila aliyemwona ukumbini alisema mama wa bwana harusi hazeeki.

Keki iliwekwa katikati ya ukumbi, na watu walipanga mstari kupiga picha mbele yake kabla hata ya maharusi kuketi. Kimulimuli alisikia "nani kaipamba" mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Wakati ulipofika maharusi walishika kisu, wakakata, wakalishana. Bibi harusi alitafuna mara moja, akafumba macho, akameza kwa shida. Watu walidhani ni haya. Bwana harusi naye alimeza, jasho likimtoka. Hakutaka kuwa yeye wa kusema, siku ile, mbele ya wakwe. Akachukua kipande kikubwa, kama ilivyotarajiwa, akamlisha mama yake.

Mama Tanuri alitafuna polepole, uso umetulia. Wote walikuwa wakimngojea yeye, fundi.

"Tamu, mwanangu," alisema. "Tamu kabisa."

Baba wa bibi harusi, mzee mstahivu aliyevaa suti, alitia kipande chake kinywani akitabasamu. Tabasamu likasimama. Alitoa leso, akageuka upande, akatema. Mkewe alikuwa keshatema kwenye kiganja. Sahani zilipofika meza za nyuma mtu mmoja alikohoa, mwingine akauliza kwa sauti kama ni sabuni, na kicheko cha vijana kikaanza kisha kikakatika, kwa kuwa wenye keki walikuwa wanatazama.

Kimulimuli alikuwa amesimama kando ya meza. Alimega kipande kidogo akakitia mdomoni. Uchungu ulimkamata ulimi, halafu chumvi, halafu ile harufu aliyoinusa jana akaifunika. Alitaka kukitema. Akainua macho kumtafuta mama yake, amwambie, amfiche, afanye lolote. Na akamwona mama yake akijimegea kipande cha pili, akakitia kinywani, akakitafuna kwa utulivu, akimtabasamia mwanawe.

Hapo ndipo alipoelewa. Keki aliisahau, ilimtoka akilini kabisa. Alikumbuka kifuniko kizima mkononi mwa mama na sauti iliyosema ulimi hauko nyumbani. Alikumbuka viatu vilivyokatwa kwa wembe, na kile kishimo chini ya jicho ambacho yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asubuhi ileile, alikiziba kwa poda. 

"Kwani kuna nini?" Mama Tanuri alikuwa ameanza kuona nyuso za watu. "Mbona hawali? Binti yangu, si ulisema iko sawa?"

 Shangazi alikuja, akamshika wifi yake mkono, akamtoa nje taratibu kama anayempeleka kupunga hewa.

Ndani ya gari, njiani kwenda hospitali, Kimulimuli alikaa na miguu ya mama yake mapajani. Vifundo vya miguu havikuonekana kwa uvimbe.

"Tangu lini, Mama?"

"Siku ya ile keki ya zambarau nilikuja kukuambia. Kabla ya hapo kama miezi miwili."

"Mbona hukunikazania?"

Mama aligeuza uso dirishani. "Ulikuwa unang'aa, mwanangu. Ningekuzimaje?" Kisha akaongeza, "Mimi nilijua ulimi umenitoka. Lakini nikasema haidhuru, wake upo. Uliponiambia umekula nikatulia."

Binti alilia kwa sauti. Mama alimwekea mkono kichwani, juu ya zile nywele zilizojaa dhahabu, na hakumwambia anyamaze.

Figo zilikuwa zimekwisha kazi, karibu zote mbili. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alieleza kwamba ladha kuharibika, uso kujaa na miguu kuvimba ni hodi za mwanzo, na kwamba angeletwa zilipoanza mambo mengi yangewezekana. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, na kwa sababu hiyo iliuma zaidi. Walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Ilimpa wiki tisa.

Katika wiki hizo binti alioka peke yake. Aliitoa mitungi yote ya kioo akayarudisha makopo, akalitafuta lile jekundu kwenye takataka mpaka akalipata. Wateja wengi walikuwa wamekimbia. Habari ya keki ya sabuni ilisafiri kuliko picha zake zote. Hakujitetea. Alipoulizwa nani aliikosea keki ile, alisema ni yeye, na alimaanisha hivyo.

Jumapili moja alikwenda wodini na kifuniko ndani ya kitambaa safi, bado kina joto. Mama Tanuri alikuwa hana nguvu ya kuinua mkono. Aliinusa harufu, au alijifanya kuinusa.

"Kata nusu," alisema.

Binti alikata. Nusu moja aliigusisha midomoni mwa mama yake. Mama alitafuna chembe, akatikisa kichwa.

"Hakuna kitu. Kama pamba." Akafumba macho. "Kula wewe. Halafu uniambie."

Kimulimuli alisimama, kwani kifuniko huliwa kwa kusimama. Alikula nusu yake yote bila kusema neno, machozi yakimshuka hadi mdomoni, akameza.

"Unasemaje?"

Alitamani kusema iko sawa, Mama. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika ulimini, mepesi, yaliyozoeleka. Akayarudisha.

"Siagi nzuri. Mayai yamekubali. Ila nimezidisha ndimu, Mama, na katikati haijaiva barabara. Nilikuwa na haraka ya kukuletea."

Uso wa Mama Tanuri, usio na poda wala rangi, ulikunjuka. "Hapo sasa nimeonja," alisema. "Punguza ndimu." Alilala usingizi, na mwisho wa wiki hiyo alilala asiamke tena.

Kimulimuli bado anapamba keki, na mkono wake haujapoteza wepesi. Mtu akitaka inayong'aa, anaipulizia dhahabu. Lakini kwanza hukata kifuniko, akakigawa mara mbili, akala nusu yake akiwa amesimama katika uwazi ule kati ya vyumba viwili. Nusu ya pili huiweka kwenye kisosi chenye ua, akasubiri kidogo, kana kwamba mtu atauliza swali. Na mteja akimsifia jinsi keki inavyowaka kwenye mwanga wa dirisha, humkatia kipande cha pembeni akampa aonje kwanza, akimwambia kwa sauti ya chini ya mtu aliyesimama nje mpaka jua likamchwea: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.